Uchumi Unaotoka Daftarini

Karakana ya kawaida katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, hufanya kazi tatu chini ya bati moja. Hutengeneza magari mabovu. Huuza vipuri, vipya na vilivyokwisha kutumika. Na kipuri kinapokosekana kwa sababu dola za kukiagiza hazipatikani, fundi hukata chuma, akachomelea, akakichonga mwenyewe. Kwa mteja hiyo ni huduma moja. Kwa mtakwimu ni shughuli tatu tofauti: katika toleo la nne la Uainishaji wa Kimataifa wa Shughuli za Kiuchumi, ukarabati wa magari una msimbo 4520, uuzaji wa vipuri 4530, na utengenezaji wa vipuri 2930. Misimbo miwili ya kwanza imo katika sehemu ya biashara. Wa tatu umo katika sehemu ya viwanda.

Kanuni ya kuchagua iko wazi. Kituo kimoja cha kazi hupewa msimbo mmoja, na msimbo huo hufuata shughuli inayoongeza thamani kubwa kuliko nyingine. Thamani iliyoongezwa ni kile kinachobaki katika mapato baada ya kutoa gharama za malighafi na huduma zilizonunuliwa nje ya kituo. Ili kuijua, hesabu za karakana zingepaswa kutenganishwa kazi kwa kazi, na karakana ndogo haiweki hesabu za namna hiyo. Mdadisi husoma ubao wa mlangoni, au huuliza swali moja na kuandika jibu la kwanza analopewa. Jibu likiwa "gereji", uchongaji wote uliomo humo unahesabiwa kuwa sehemu ya biashara ya magari, na sehemu ya viwanda inapungukiwa bila mtu yeyote kufunga kiwanda.

Mfumo wenyewe ni wa muda mrefu. Umoja wa Mataifa uliupitisha 1948 na kuufanyia marekebisho mara kadhaa. Toleo la nne, lililokubaliwa 2006, lina sehemu 21, migawanyo 88, makundi 238 na madaraja 419. Burundi ni mwanachama wa AFRISTAT, taasisi ya takwimu yenye makao yake Bamako, ambayo imeulinganisha mfumo huo na hali ya nchi wanachama na kuupa jina la NAEMA. Nyumbani, anayeutumia ni taasisi ya taifa ya takwimu, iliyojulikana kwa miaka mingi kama ISTEEBU na ambayo sasa ni INSBU. Kanuni zimeandikwa na chombo kipo. Udhaifu uko kati ya shughuli ya mtaani na msimbo unaopaswa kuiwakilisha.

Udhaifu huo una uzito kwa sababu Pato la Taifa halipimwi kwa mkupuo. Hupimwa fungu kwa fungu, kila fungu kwa chanzo chake na njia yake, kisha mafungu hujumlishwa. Kilimo hukadiriwa kwa ekari na mavuno, kiwanda kikubwa kwa hesabu zake, serikali kwa bajeti, na shughuli zisizo na hesabu hukadiriwa kwa njia nyingine itakayochunguzwa hapa chini. Kwa hiyo shughuli inapohama fungu moja kwenda jingine haibadilishi jina tu. Inabadilisha namna inavyopimwa, na mara nyingi inatoka kwenye kipimo kinachoona na kuingia kwenye kipimo kinachodhani.

Barani Afrika tumezoea kosa la upande mmoja. Ghana ilipobadilisha mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumiwa kama mizani ya kupimia miaka mingine, Novemba 2010, Pato la Taifa lilipanda kwa takriban asilimia 60. Nigeria ilifanya hivyo Aprili 2014 na kupata nyongeza ya asilimia 89. Mwaka huohuo Kenya iliongeza takriban robo, na Tanzania zaidi kidogo ya robo. Katika nchi zote hizo simu za mkononi, benki, ujenzi na huduma vilikuwa vimekua huku vikipimwa kwa mizani ya miaka iliyopita. Kutoka hapo imezaliwa imani ya kufariji: kwamba takwimu zetu zikikosea, zinakosea kwa kupunguza, na kwamba chini ya namba ndogo kuna uchumi mkubwa unaongoja kugunduliwa. Hali ya Bujumbura inalazimisha swali la kinyume chake. Kasoro ileile inayoficha ukuaji inaweza pia kuficha anguko.

Chanzo cha kwanza ni usajili. Anayesajili kampuni Bujumbura hutangaza shughuli zake mwenyewe, na mfanyabiashara mwangalifu huandika orodha pana: biashara ya jumla, uagizaji na uuzaji nje, usafirishaji, ujenzi. Ana sababu ya haki kabisa, kwani shughuli asiyoitaja leo itamgharimu kurekebisha hati kesho. Ofisi ya mapato, OBR, iliyoanzishwa 2009, humtambua kwa namba ya mlipa kodi. Kinachoihusu ni kodi inayoingia, na kwa kazi hiyo "biashara ya jumla" inatosha. Kwa uainishaji haitoshi hata kidogo, maana fungu linalopokea kila kitu halielezi chochote. Tena daftari hujazwa kwa urahisi kuliko linavyofutwa. Anayefungua kampuni ana sababu ya kwenda ofisini, lakini anayefunga duka kwa kukosa mtaji hana faida yoyote ya kwenda kulitangaza. Baada ya miaka kadhaa daftari lina kampuni hai na kampuni zilizokufa zikiwa na misimbo ya siku zilipozaliwa.

Pamba inaonyesha mambo haya yanavyofika mbali. Pamba ya tambarare ya Imbo ilichambuliwa na COGERCO, ikasokotwa na kufumwa na COTEBU, kiwanda cha nguo kilichojengwa Bujumbura kwa msaada wa China. Katika uainishaji, mnyororo huo hukatwa mahali ambapo msomaji asingetarajia: kuchambua pamba, kwa msimbo 0163, ni shughuli ya kilimo, na kiwanda huanza pale nyuzi zinaposokotwa. COTEBU ilipita katika vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, ikapita katika vikwazo vya nchi jirani kuanzia 1996 hadi 1999, na ikafungwa 2006. Miaka michache baadaye mitambo ilipata mwendeshaji binafsi, Afritextile, lakini nafasi ya nguo katika uchumi wa jiji haikurudi. Jina la COTEBU limebaki kwa soko la Ngagara.

Anguko la kiwanda kama kile huonekana kwenye takwimu, kwa sababu kilikuwa na hesabu. Kisichoonekana ni kinachofuata. Aliyekuwa akifuma anaanza kuuza mitumba. Mitumba inayouzwa kwenye meza ya soko huingia katika msimbo 4782, na faida ya muuzaji ni thamani iliyoongezwa kama nyingine yoyote. Kwenye jumla ya taifa, fungu moja linapungua, jingine linaongezeka, na tofauti inaweza kuwa ndogo. Lakini la kwanza lilipimwa kwa mita za kitambaa na mishahara iliyolipwa, ilhali la pili limekadiriwa kwa idadi ya watu wanaodhaniwa kuuza. Jumla inaweza kusimama palepale wakati uwezo wa nchi kutengeneza kitu umeondoka, na namba inayosomwa redioni haina pa kuonyesha tofauti hiyo.

Kilichobaki katika sehemu ya viwanda kimejikusanya mikononi mwa wachache. Kuna SAVONOR kwa sabuni na mafuta, SOSUMO kwa sukari ya eneo la Moso, BUCECO kwa saruji, na juu ya wote BRARUDI, kiwanda cha bia na vinywaji baridi kilichoanzishwa 1955, ambacho hisa nyingi ni za Heineken na zilizobaki ni za serikali. Sehemu ya viwanda inapotegemea makampuni yanayohesabika kwa vidole, faharasa ya uzalishaji haipimi tena viwanda kwa ujumla. Inapima kama kampuni moja ilipata kimea, chupa na dola mwezi ule.

Bia inadai uchunguzi zaidi, kwa kuwa hapa uainishaji na mazoea ya nchi vinakutana vibaya. Primus ya BRARUDI ni bia ya kimea, msimbo 1103. Urwarwa, pombe ya ndizi inayopikwa vijijini na pembezoni mwa jiji, ni kinywaji kilichochachushwa kutokana na tunda, na kwa maelezo ya mfumo kiko karibu zaidi na 1102, pamoja na mvinyo. Impeke, inayopikwa kwa mtama, inarudi upande wa kimea. Primus ilipoadimika katika miaka hii ya uhaba wa fedha za kigeni, wanywaji hawakuacha kunywa. Baadhi yao waligeukia urwarwa. Upungufu wa upande mmoja uliandikwa siku hiyohiyo, kwa kuwa kiwanda kina mita, stoo na kodi ya bidhaa. Ongezeko la upande wa pili halikuandikwa na mtu. Hapa takwimu zinapunguza. Katika mitumba zinaweza kuwa zinaongeza. Makosa hayo mawili hayana sababu ya kulingana, na anayedhani yanafutana anafanya dhana isiyo na msingi wowote.

Mpaka hapa ni mabadiliko ya polepole. Tangu 2013 Bujumbura imepata mengine ya ghafla, na kila moja limesukuma kundi zima la shughuli kutoka fungu linaloonekana kwenda lisiloonekana.

Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Soko hilo halikuwa mahali pa kuuzia tu. Kila kizimba kilikuwa na namba, mpangaji, kodi ya pango na bidhaa iliyojulikana, na kwa mtakwimu hiyo ilikuwa orodha tayari ya kuchagulia sampuli. Wafanyabiashara walitawanyika: katika masoko ya Kwa Siyoni, COTEBU na Ruvumera, na wengine barabarani au sebuleni mwao. Biashara iliendelea kwa kiasi fulani, lakini orodha ilikwisha. Anayetaka kuchukua sampuli ya wauzaji wa vitenge leo hana tena jengo moja la kuanzia.

Februari 2020 Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB, iliziondolea leseni ofisi zote za kubadilisha fedha. Shughuli hiyo ina nafasi katika uainishaji, msimbo 6612, pamoja na udalali wa fedha. Kwa agizo moja nafasi hiyo ilibaki tupu. Haja ya dola haikuisha na wabadilishaji hawakubadilisha ujuzi wao. Walichobadilisha ni mahali, na badala ya dirisha lenye risiti wakatumia simu na watu wa kuaminiana. Leseni ziliruhusiwa tena mwishoni mwa 2022. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani, bei rasmi ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja, na hata hivyo bei ya mtaani ilizidi kuachana na bei rasmi mpaka ikafika zaidi ya mara mbili yake. Pengo la namna hiyo ni faida kwa anayepata dola kwa bei rasmi na kuiuza kwa bei ya mtaani. Kwa kanuni za hesabu za taifa, mapato ya shughuli hizo yangepaswa kuhesabiwa hata kama ni kinyume cha sheria, maana mfumo huo hupima uzalishaji na kubadilishana, hauulizi leseni. Lakini anayeishi kwa kujificha hajibu dodoso.

Machi 2022 serikali iliziondoa pikipiki, bajaji na baiskeli za biashara katika sehemu kubwa ya jiji. Maelfu ya vijana walikuwa wakiishi kwa kazi hiyo. Katika uainishaji walikuwa 4922, usafiri mwingine wa abiria wa nchi kavu. Siku iliyofuata baadhi yao walikuwa wamehamia pembezoni, wengine wamerudi mlimani kulima, wengine wamekuwa wachuuzi. Utafiti wa kaya unaofanywa kila baada ya miaka kadhaa ungewakuta baadaye sana katika mafungu mapya, pasipo njia ya kujua walitoka wapi wala walipoteza kiasi gani.

Na kuna esansi, yaani petroli. Tangu 2021 foleni za vituo vya mafuta zimekuwa sehemu ya maisha ya jiji, zikipungua kidogo kisha zikirudi. Kituo cha mafuta ni msimbo 4730. Ni mojawapo ya shughuli rahisi kupima duniani: pampu ina mita, bei hupangwa na serikali, kodi hukatwa kwa lita. Pampu inapokauka, mafuta huingia kwa bidoni kutoka ng'ambo ya mpaka, Uvira au Kigoma, na kuuzwa kwa chupa kwa bei inayozidi ile rasmi mara kadhaa. Muuzaji wa chupa hana msimbo wake; huangukia daraja la wauzaji wengineo wasio na duka wala meza ya soko. Angalia kilichotokea katika hatua hizo. Lita imebaki lita. Kodi imetoweka. Bei iliyopanda haimo katika faharasa inayosoma bei rasmi. Thamani aliyoongeza msafirishaji wa magendo, ambayo kwa kanuni inahesabika, haimo. Na gharama ya ziada aliyobeba mwenye daladala, anayeilipa bila risiti, haionekani mahali popote katika hesabu za usafiri, hivyo usafiri unaonekana kuwa na faida kubwa kuliko iliyopo.

Sasa tuangalie kipimo chenyewe, yaani njia ya kukadiria mafungu yasiyo na hesabu. Njia inayotumika sana katika nchi zenye takwimu chache ni hii: huchukuliwa idadi ya watu wanaofanya shughuli fulani, ikazidishwa na thamani inayodhaniwa kuongezwa na mtu mmoja. Thamani ya mtu mmoja hutoka katika utafiti wa mwaka fulani. Idadi ya watu hutoka katika sensa au utafiti wa kaya, na kwa miaka ya katikati husogezwa mbele kwa kasi ya ongezeko la watu. Mwanahistoria wa uchumi Morten Jerven, aliyechunguza hesabu za taifa za nchi kadhaa za Afrika, ameeleza kwa kirefu jinsi makadirio ya aina hii yanavyoweza kujiendesha yenyewe kwa miaka mingi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Wachuuzi wakikadiriwa kuongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka, na thamani ya kila mmoja ikishikiliwa ilivyokuwa, baada ya miaka 10 fungu lao litakuwa limekua kwa asilimia 34. Ukuaji huo utapatikana hata kama wote wamekaa foleni ya mafuta mwaka mzima. Utapatikana zaidi kama kiwanda kitafungwa na wafanyakazi wake wakaongezwa kwenye idadi ya wachuuzi, kwa sababu kila anayefukuzwa kazi ataingia akiwa na thamani kamili ya mchuuzi wa mwaka wa kizio, na kila mchuuzi aliyekuwepo ataendelea kuhesabiwa kana kwamba ujio wa mwenzake haukumpunguzia mteja. Hapa ndipo uainishaji unapogeuka kutoka kioo kibovu kuwa chanzo cha namba. Umaskini unaowasukuma watu barabarani unaandikwa kama upanuzi wa sekta ya biashara.

Msingi wa makadirio hayo ni idadi ya watu, na huko nako hakuko imara. Burundi imefanya sensa 1979, 1990, 2008 na 2024. Mapengo ni miaka 11, 18 na 16, ilhali pendekezo la kimataifa ni miaka 10. Sensa ya 2008 ilihesabu watu milioni 8.05. Kwa miaka 16 iliyofuata kila fungu lililosogezwa mbele kwa idadi ya watu lilitegemea makisio. Matokeo ya awali ya sensa ya 2024 yalitoa takriban milioni 12.3. Makisio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka huohuo yalikuwa takriban milioni 14. Tofauti ni karibu watu milioni 1.7, yaani makisio yanaizidi sensa kwa asilimia 14 hivi. Wakimbizi walioko nchi jirani na wahamaji wa kazi wanaweza kueleza sehemu ya pengo hilo. Kwa hoja hii chanzo chake si kitu. Kitu ni kwamba mafungu yote yaliyokuzwa kwa makisio ya juu yalikuwa na wafanyakazi ambao sensa haikuwaona.

Wapo watakaoona habari njema hapo: pato lilelile likigawanywa kwa watu wachache, pato la kila mtu linapanda. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo tu pato lilipimwa bila kutumia idadi ya watu. Kama sehemu kubwa ya pato ilikadiriwa kwa kuzidisha vichwa, basi vichwa vikipungua pato nalo linapaswa kushushwa, na nyongeza ya kila mtu inayeyuka. Haiwezekani kutumia milioni 14 juu ya mstari na milioni 12.3 chini yake.

Juu ya haya yote liko tatizo la bei. Mfumuko wa bei wa 2023 ulikuwa karibu asilimia 27. Kutafsiri pato la mwaka kama huo kuwa ukuaji halisi kunahitaji faharasa ya bei kwa kila fungu, na kosa dogo katika faharasa ni kubwa kuliko ukuaji unaotafutwa. Fungu likishushwa kwa bei rasmi wakati wanunuzi wanalipa bei ya mtaani, sehemu ya kupanda kwa bei inageuka kwenye karatasi kuwa kuongezeka kwa bidhaa. Kugeuza pato hilo kuwa dola kunaleta chaguo jingine, kati ya bei ya benki na bei ya barabarani, na chaguo hilo peke yake linaweza kuukata uchumi nusu.

Matokeo hayaishii kwenye vitabu. Protokali ya Umoja wa Fedha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Novemba 2013, inazitaka nchi wanachama zisizidishe nakisi ya asilimia 3 ya Pato la Taifa na deni la asilimia 50 ya pato hilo kwa thamani ya sasa. Vipimo hivyo vyote viwili vina Pato la Taifa chini ya mstari. Pato likikadiriwa kwa kuzidisha wachuuzi, deni linazidi kuonekana dogo kadiri wachuuzi walivyozidishwa. Lakini deni hulipwa kwa kodi, na kodi haikusanywi kutoka kwa vichwa vilivyokadiriwa. Hukusanywa kutoka mafungu yenye mita na risiti, ambayo ni yaleyale yanayokauka: bia, sukari, saruji, mafuta ya pampu.

Hapo mzunguko unajifunga. Mafungu yanayoonekana yanapopungua, mzigo wa kodi kwa yaliyobaki unaongezeka, kwa sababu lengo la mapato hupangwa kwa uwiano wa pato ambalo kwenye karatasi halijapungua. Kampuni iliyoandikishwa inabeba sehemu ya ile iliyotoweka. Siku moja inakokotoa gharama ya kubaki daftarini na gharama ya kutoka, na inatoka. Kwa wizara ya fedha hilo ni pungufu la mapato. Kwa hesabu za taifa ni kituo kimoja kilichohama kutoka msimbo wa tarakimu nne kwenda kwenye daraja la "wengineo", ambalo mwaka ujao litakuzwa kwa asilimia 3.

Marekebisho yanakuja, lakini yanakuja yote kwa pamoja. Toleo la tano la uainishaji lilikubaliwa 2023, likiwa na sehemu 22. Mfumo mpya wa hesabu za taifa ulipitishwa Machi 2025. Ndani ya nchi, mikoa 18 imekuwa 5 na komine 119 zimekuwa 42, hivyo hata ramani ya kuchagulia sampuli imebadilika. Kuhamisha mfululizo wa takwimu kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya hufanywa kwa jedwali la mawiano: daraja hili la zamani ligawanywe katika mawili mapya, theluthi huku na theluthi mbili kule. Kazi hiyo inawezekana pale tu ambapo undani wa zamani ulihifadhiwa. Kampuni iliyoandikwa "biashara ya jumla" haina cha kugawanya.

Linalobaki ni kuchagua mwaka wa kizio mpya, na uamuzi huu ndio mzito kuliko yote, kwa sababu muundo wa mwaka mmoja utakuwa uzito wa mafungu kwa miaka mingi. Kanuni inataka mwaka wa kawaida, usio na mshtuko mkubwa. Mwaka 2015 ulikuwa wa mgogoro wa kisiasa ulioanza Aprili. Kuanzia Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali, na hatua hiyo iliondolewa Februari 2022. Mwaka 2020 ni wa janga la korona na wa kufungwa kwa ofisi za fedha. Kuanzia 2021 ni miaka ya foleni za mafuta, na 2023 ni wa faranga iliyoshushwa na bei zilizopanda kwa zaidi ya robo. Ukichaguliwa mwaka wa kabla ya miaka hiyo, mizani itakuwa ya jiji lililokuwa na mafuta, pikipiki na madirisha ya kubadilishia fedha. Ukichaguliwa mmoja wa miaka hii, uchumi wa chupa za esansi utaingizwa kwenye hesabu kama hali ya kawaida, na kila mwaka utakaofuata utapimwa kwa kulinganishwa nao.